Upatu wa Mara Moja

Sanduku lilitua Sib mwezi wa Julai,
kadibodi imelegea kwa jasho la uwanja wa ndege,
na ndani yake simfonia ya Lanquetin,
Mfaransa ambaye hata Wafaransa hawamtambui.
Bi Hedvika, mwongozaji wetu, ndiye aliyemfukua,
chini ya vitabu vya mapishi, asema, katika duka la vitu chakavu.
Ilipigwa usiku mmoja wa mvua, mwaka tisini na saba wa karne ile,
kisha kabati.

Mtu alitaka kutia dunia nzima humo.
Baragumu nane, vinubi vinne, kinanda cha kanisa,
filimbi zinazolia kama birika lililosahauliwa jikoni.
Saa nzima na robo, bila huruma.
Mchana alifundisha watoto wa wenye viwanda
mahali pa kuweka vidole,
usiku akajenga mlima.

Sehemu yangu mimi ni karatasi moja.
Neno la juu ni la kwao, lakini upatu ni upatu.
Vipimo mia nne na kumi na viwili vya kimya,
halafu pigo moja,
halafu kimya tena mpaka watu wasimame.

Pembeni mwa pigo, penseli ya mtu wa zamani,
mwandiko wa haraka: *Hatupigi. Muda.*
Nikampelekea Bi Hedvika.
Akavua miwani, akaivaa tena.
"Basi hili halijasikika," akasema. "Na yeye hakulisikia."

Kazini nasema Kiarabu,
na wapiga fidla, Kiingereza cha kuokoteza.
Ila kimya siwezi kukihesabu
bila Kiswahili cha mama, cha Wete,
kilichovuka naye akiwa na miaka tisa na mkebe wa biskuti.
Moja, mbili, tatu, nne.
Mbili, mbili, tatu, nne.
Tatu, mbili, tatu, nne.
Muhanna wa ngoma kubwa hunitazama midomo.
"Unasoma uradi?"
"Nahesabu."
"Haya, na mimi niombee."

Nyumbani Al-Khudh nilijizoeza kwa sinia.
Mama akatoka na unga mikononi.
"Sisi tulipiga upatu mwezi ukipatwa.
Mtaa mzima, masufuria, mifuniko, makopo,
mpaka uachiwe."
"Ukaachiwa?"
"Kwani huuoni?"

Oktoba, ukumbi wa Shati al-Qurum,
joto bado limeegemea vioo.
Viti nusu vitupu; baada ya sehemu ya pili
wakapungua wengine, wakiinamisha vichwa kama wanaokwepa mvua.
Mama safu ya sita, kiti cha pembeni.
Mia na themanini, mbili, tatu, nne.
Vinubi viliposhuka ngazi wote wanne pamoja
nikapotea. Nakiri.
Mia tatu na sitini? Na sabini?
Bi Hedvika hakuniangalia,
alikuwa anawapandisha wenye baragumu.
Nikashika nyundo, nikaacha hesabu,
nikawafuata.
Mpaka leo sijui kilikuwa kipimo cha ngapi.
Muhanna anaapa nilichelewa.

Shaba ikafunguka polepole,
kama mlango wa ghala lenye karafuu za mwaka juzi,
ikaingia chini ya viti, ikapanda miguuni mwa watu.
Mzee mmoja safu ya tatu akaamka, akashika kofia yake.
Sikuuzima kwa kiganja.
Niliuacha uende ulikotaka.

Mkataba wa kukodi unasema: alama zote zifutwe.
Nilifuta za wengine.
Chini ya *Hatupigi* nikaandika tarehe, na *Maskati*,
nikafunga sanduku.

Garini mama alivua viatu.
"Saa nzima na robo vinanibana,
na wewe umegonga mara moja?"
"Mara moja, mama."
Akanyamaza taa mbili nzima.
"Yule Mfaransa alizaa?"
"Sijui."
"Watafute. Mtu awaambie."